Chombo Kinachodai Pumzi

Saskatoon, Februari, hasi thelathini na moja.
Kitasa cha mlango wa nyuma kinang'ata kiganja
kabla hujakishika sawasawa.
Orest Hnatiuk, miaka arubaini fundi breki wa treni za ngano,
husema: hilo nalo ni joto,
ila linakwenda upande usiokufaa.

Kidude chake alikipata kwa mwenye duka la rehani,
cheusi, kimechubuka kama kiatu cha shule.
Ndani mna kikombe cha chuma, kipana kama ukucha wa gumba.
Majani aliyoandikiwa na daktari,
tangu tumbo lilipokataa kila kitu isipokuwa maji ya matango ya siki,
huketi humo yakiegemea ukuta wa moto.
Jani la ukutani nusura liungue.
La katikati bado kijani, limesikia tetesi tu.
Kwa hiyo kila dakika nne anafungua,
anakoroga kwa kijiti cha meno, anafunga.
Na hata akipumzika, akitazama mpira wa magongo,
chuma hakipumziki: kinaendelea kupika
mvuke ambao hakuna aliyeuvuta.

Larysa akaja kutoka Calgary na sanduku.
Bei alikwisha kuibandua akiwa bado garini.
Kioo kirefu, kishikio cha mbao ya mcheri.
"Hiki hakigusi, Tato. Kinapasha hewa, huku chini,
kisha hewa inapita kati ya majani, jani kwa jani,
kama watu wanaopeana mikono msibani.
Usipovuta, hakuna kinachopikwa."

Vitabu vya shule vina maneno yake: mpitisho, msafara.
Larysa hakuyahitaji. Alionyesha jikoni:
pirohi kikaangoni, tumbo la kahawia, mgongo mweupe;
halafu tundu la sakafuni, ambamo hewa ya tanuru
hupanda, hupinda kwenye dari,
hushuka dirishani ikiwa imechoka.

Mia moja themanini na tano. Taa ikawa kijani.
Akavuta.
Kimya kwanza. Kisha:
"Limau. Haya majani yalikuwa na limau muda wote huu?"
Larysa akacheka mpaka ikabidi ageukie sinki.

Akavuta tena, ndefu, polepole, kama alivyoagizwa,
na hapo kifua kikamgomea.
Kikohozi kilichofuata kilikuwa treni nzima ikifunga breki,
behewa likigonga behewa
mpaka la mwisho kabisa, huko nyuma, gizani.

Kumbe msafara hauondoki bila wa kuuita.
Chombo bora kinadai pumzi,
na pumzi ndiyo sarafu aliyobakiwa nayo chache:
anazihesabia ngazi,
anazihesabia soksi.

Kwenye runinga mtu alifunga bao; hawakujua wa timu gani.
Orest akanyoosha mkono, akakichukua kile cheusi.
"Huyu mpumbavu. Kando anaunguza, kati anasahau.
Lakini hanidai. Nikifikisha mdomo,
yeye keshamaliza kazi."

Larysa akakamata kijiti cha meno.
Akahesabu dakika nne kwa saa ya jiko,
akafungua, akakoroga, akafunga.
Nne nyingine.
Ukingo wa kikombe ulimchora mstari mwekundu kidoleni;
hakuuonyesha.

Usiku, mzee amelala kitini mdomo wazi,
tundu la sakafuni likimpepea suruali,
akakijaza kile cha kioo maua makavu ya lavenda
yaliyosalia kwenye mtungi wa mama.
Akasubiri taa.
Akavuta, mpaka mwisho wa mbavu, kwa mapafu yake mazima,
na kila ua likatoa chake, bila kuungua, bila kusahauliwa.
Ilikuwa tamu.
Akaona haya
kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.